Maji ya Guka Yalimwagwa na Mtu Mwingine

Jumatatu, saa nane mchana, Mweiga kwa Cucu, nyanya yangu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye viazi na haujaamua kama unataka kuwa mvua. Nimevaa sweta mbili. Cucu yuko jikoni anachambua maharagwe na mimi nimejifanya nina kazi kwenye simu.

Nina hasira.

Naiandika hapo juu kabisa kwa sababu najijua. Nikifika katikati nitaanza kuwa mpole, nitaanza kusema "lakini pia yeye", na mwisho nitajikuta naomba msamaha kwa kosa ambalo si langu. Kwa hivyo ikae hapo. Nina hasira na Shiru.

Shiru ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Hata blogu hii ni yeye alinifungulia, akaniambia, "Nyambu, wewe huongea na vidole, sasa ongea." Nina wasomaji tisa na yeye ndiye wa kwanza. Kwa hivyo Shiru, najua unasoma. Endelea tu kusoma.

Kama hunijui, mimi ni mtu wa haya. Si ile haya ya kupendeza ya wasichana wa kwenye hadithi. Ni haya ya kukwama. Mwalimu akiita majina, naisikia sauti yangu ikipanda mpaka hapa kooni, halafu inakaa. Wiki ya kwanza ya shule niliandikwa kwamba sikuja siku tatu na nilikuwa nimeketi hapo hapo dawati la mbele. Siku ya nne msichana wa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Nyambura yuko, mwalimu. Ni betri tu imeisha." Darasa lote likacheka, hata mimi. Huyo ndiye Shiru.

Kuanzia hapo akawa ananisemea. Kantini: "Mandazi mbili, na mbili za huyu." Kwa matroni: "Anaomba dawa ya tumbo, ile ya kila mwezi." Kwa daktari wa meno, mkono wake ukiwa begani mwangu: "Ni la huku nyuma. Linamuuma akinywa baridi." Miaka minne. Sikuwahi kumwomba, na sikuwahi kumkataza. Nikiwa mkweli, ilikuwa raha. Ni kama kuwa na mtu wa kukubebea mkoba mpaka unasahau kwamba una mkoba.

Sasa tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, Tata Wambui, dada ya mama, ambaye hufanya kazi kwenye hoteli moja Nanyuki, akapata habari za hekalu la Kibudha huko nje ya mji, upande wa mlimani. Alisema kuna wiki ya vijana waliomaliza shule. Siku saba za kukaa kimya na kutafakari. Bure, unatoa tu ulicho nacho. Tata alisema itanisaidia kutuliza akili nikisubiri matokeo. Shiru akasikia Nanyuki akasema anakuja.

Mama alilala na hilo jambo siku mbili. Alihofia kikundi chake cha maombi kitasema nini. Mwishowe akakubali, lakini akanipa onyo moja: "Usiinamie sanamu. Ukiona wanainama, wewe jifanye unafunga kiatu." Mama hakujua kwamba hekaluni viatu huachwa nje.

Cucu naye alicheka mpaka akashika ukuta. "Wiki nzima bila kuongea? Huyu? Si wampe cheti leo arudi nyumbani!"

Hekalu lenyewe ni nyumba ya zamani ya mzungu fulani wa shamba, paa la mabati mekundu, na ukumbi mpya uliojengwa kwa mbao za misedari. Ndani kuna Budha mweupe, mtulivu, amefumba macho nusu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kengele ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, sawasawa na ile ya shule yetu ya msingi. Nilipoisikia asubuhi ya kwanza, saa kumi na nusu, baridi ikiuma mpaka kwenye meno, karibu nitafute kiboko kiko wapi.

Tulikuwa vijana kumi na wawili. Simu zilitiwa ndani ya debe la biskuti, debe likafungwa kwa mpira. Kutoka hapo hakuna kuongea, hakuna kuandika, hakuna kuangaliana machoni. Unakaa saa moja juu ya mto ukifuata pumzi, unatembea nusu saa pole pole kati ya miti kama mtu aliyepoteza sindano, unarudi kukaa. Chakula cha mwisho ni saa tano asubuhi. Baada ya hapo ni chai ya rangi tu mpaka kesho yake.

Mwalimu wetu ni mtawa mzee kutoka Sri Lanka. Huitwa Bhante, kama vile sisi tunavyomwita padri Father. Kiswahili alifunzwa na mafundi waliojenga ule ukumbi, na kimebaki vile vile walivyomwachia. Siku ya kwanza alituambia: "Mawazo nakuja kama ng'ombe ya jirani. Wewe angalia tu. Hapana fukuza na rungu. Hapana fungulia geti."

Mimi nilipenda. Naona aibu kidogo kusema nilivyopenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mahali ambapo kutoongea si ugonjwa. Esther, dada aliyekuwa akitusimamia, alikuwa akinipitia na kutabasamu kama kwamba nafanya kitu kigumu vizuri. Wengine walikuwa wanateseka. Shiru hasa. Siku ya pili alipiga chafya kwa sauti ya kuigiza, nadhani alitaka tu kusikia kitu kimetoka kwake. Kwenye foleni ya uji alinikonyeza, akapanua macho, akajishika shingo kama anayenyongwa. Nilicheka kwa mabega.

Halafu siku ya tatu ng'ombe wa jirani akaingia.

Guka.

Sijawahi kuandika kuhusu guka, babu yangu, hapa. Alikufa mwaka juzi, likizo ya Agosti, katika nyumba hii hii ninayoandikia. Familia yote inajua alikufa mchana, moyo ukasimama, na kwamba mimi ndiye nilikuwa naye. Watu walinihurumia sana. "Pole mami, umeona mengi mapema." Kitu ambacho hawajui ni kwamba aliniita, na sikwenda. Mtu mmoja tu ndiye niliyewahi kumwambia. Nilimwambia Shiru, bwenini, muhula uliofuata, nikiwa nimefunika uso kwa shuka. Alinishika mkono mpaka taa zikazimwa na hakusema neno. Kwa Shiru, kutosema neno ni zawadi kubwa. Nilijua nimempa mtu anayefaa.

Sasa pale juu ya mto, nikifuata pumzi, nikamsikia guka akiniita. Si kama ndoto. Kama kumbukumbu iliyokuwa inasubiri kelele ziishe.

Siku ya nne ilikuwa zamu yangu ya kumwona Bhante. Unaingia kwenye chumba kidogo, mnakaa chini, dakika tano, na huko unaruhusiwa kuongea.

"Naona nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Bhante."

"Hakuna kitu nalia?"

Nikagusa uso. Ulikuwa umelowa. "Ni baridi," nikasema.

"Sawa. Baridi." Akangoja. Mzee huyo anajua kungoja kuliko mtu yeyote niliyemwona. Kisha: "Hii baridi iko na jina?"

Sauti yangu ikapanda, ikafika kooni, na sijui kwa nini, ikapita. "Guka."

Akatingisha kichwa. Akaniambia kwamba kwao, wiki kama hii ikiisha, mema yote mliyovuna kwa kukaa yanagawiwa wafu, vile mtu aliyevuna hupelekea jirani kikapu. Kila mmoja kwenye duara la mwisho anaweza kusema kilichomjia. Na kama ana mtu wake aliyekufa, analitaja jina lake, anamimina maji kutoka kwenye birika mpaka bakuli lijae na kumwagika, Bhante akiomba. "Jumamosi," akasema. "Wewe nataka, nasema, namwaga maji. Wewe hapana taka, hapana."

Nilitoka nje. Maji. Hakuna aliyemwambia kuhusu maji. Nilikuwa nimesema neno moja tu, guka, na huyu mzee kutoka nchi ya mbali ananiambia habari za maji. Kwa sababu guka, siku ile, ndicho alichokuwa anataka. Maji ya kunywa.

Nikaamua. Jumamosi nitasema. Kwa mdomo wangu, mbele ya wale watu wote, mimi ambaye siwezi kusema "niko hapa".

Niliogopa sana, kwa hivyo nikafanya kosa. Siku ya tano nilivunja sheria, nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya chooni kwa penseli ya nyusi niliyosahau kuitoa mfukoni: *Jumamosi nitasema ile ya guka. Ukae karibu na mimi.* Nikampa Shiru kwenye sinki la kuoshea vyombo. Alisoma, akaloweka karatasi kwenye maji mpaka ikayeyuka, akaniangalia. Akagusa kifua chake mara mbili.

Alijua. Nataka hilo lieleweke. Alijua ni Jumamosi, na alijua nitasema nini.

Jumamosi asubuhi mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji kidogo pale juu kama chumvi. Tuliketi duara. Shiru alikaa karibu nami kama nilivyomwomba, mkono wake wa kulia ukigusa wangu wa kushoto. Bakuli la shaba likaanza upande ule mwingine na kuja kwa njia ya kushoto. Yaani lingefika kwake, kisha kwangu.

Watu walisema mambo mazito. Kijana mmoja wa Karatina alisema jinsi hakuhudhuria mazishi ya kaka yake kwa sababu ya hasira. Akamwaga maji. Msichana mwingine alisema amegundua anamchukia baba yake, basi, hakuongeza kitu. Kila mtu alikuwa analia au amemaliza kulia. Mimi nilikuwa nakariri kichwani. Nilikuwa na sentensi nne tu. Nilizipanga kama viatu.

Bakuli likafika kwa Shiru.

"Mimi niko na kitu sijawahi ambia mtu," akasema.

Na mimi, mjinga mimi, nilifurahi. Nilidhani hatimaye naye amepata kitu chake. Nikamsukuma kidogo na kiwiko, kama kumwambia, haya, jikaze.

"Guka yangu alikuwa mgonjwa. Wengine walikuwa wameenda ruracio, kupeleka mahari, nikaachwa na yeye. Nikalala kwa kiti. Nikamsikia kama kwa ndoto. Shiru, maji. Shiru, maji. Sikuamka. Nilipoamka alikuwa ameenda."

Ilinichukua muda kuelewa. Kweli. Niliisikiliza ile hadithi kama ya mtu mwingine na nikawa namhurumia huyo msichana. Halafu lile neno "ruracio" likanirudia. Huko ndiko familia yetu ilikokuwa siku ile.

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, makamasi, kila kitu. Esther akaja akamshika mabega. Bhante akauliza kwa upole, "Guka naitwa nani?"

Guka wa Shiru anaitwa Mwangi, na yuko hai. Anafuga sungura huko kwao Skuta, na mwezi uliopita alitununulia soda kwa kumaliza mtihani.

"Gathogo," akasema Shiru.

Hilo ni jina la guka wangu.

Akashika birika. Maji yakaingia kwenye bakuli kwa mlio ule mwembamba, yakajaa, yakapita ukingo, yakamwagika kwenye sinia. Bhante aliomba kwa lugha yao ndefu, na ndani ya ile lugha nikalisikia jina: Gathogo, Gathogo. Wote tukaweka mikono pamoja. Mimi pia. Nilikaa hapo mikono pamoja, kama mgeni aliyekuja kutoa pole kwa msiba wa watu.

Kitu kilichoniuma zaidi ni kile kidogo. Ile "Shiru, maji." Aliweka jina lake mdomoni mwa guka wangu.

Kisha bakuli likafika kwangu. Tupu, bado lina ubaridi wa maji. Nyuso zote zikanigeukia, nyuso nzuri zilizolowa. Sentensi zangu nne hazikuwepo. Zilikuwa zimeshatumika. Ningesema nini? Kwamba hata mimi guka wangu aliomba maji, hata mimi anaitwa Gathogo?

"Mimi," nikasema. "Mimi nashukuru. Uji ilikuwa nzuri."

Wakacheka. Si vibaya, wakacheka kwa upendo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Esther akasema, "Tutamwambia mpishi." Na bakuli likaendelea.

Uji ilikuwa nzuri.

Tulipotoka nilimkuta Shiru kwenye rafu ya viatu, anafunga kamba. Nikasimama mbele yake. Nilidhani nitashindwa, lakini hasira ina koo lake.

"Shiru, hiyo ilikuwa yangu."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Nilikuambia nitasema."

"Nyambu, tuambiane ukweli. Ungesema? Wewe? Nilikuwa nasikia vile unatetemeka, hata mkeka ulikuwa unatetemeka. Nikasema acha nikusemee. Si ndio hivyo huwa?"

"Sasa mbona ulisema 'guka yangu'?"

"Ningesema aje? 'Guka ya beshte yangu huyu hapa'? Si ungeingia chini ya mto!"

"Na jina lako?"

Hapo ndipo aliniangalia. Macho mekundu bado. "Jina gani?"

Hakuwa hata amegundua.

"Na kulia?" nikauliza.

Aliifungua tena kamba aliyokuwa ameifunga. Shiru akikosa utani unajua umefika mfupa. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sikuwa na kitu, Nyambu. Siku saba nimekaa pale nikifikiria chipsi. Kila mtu alikuwa na kitu. Hata wewe. Bakuli ikafika, wakaniangalia, nikaona nitasema nini, uji?"

Tukaangaliana. Nadhani siku nyingine tungecheka mpaka tukakaa chini. Nilichukua viatu vyangu nikaenda kuvivalia getini.

Ametuma ujumbe kumi na saba tangu Jumamosi. Sijajibu hata mmoja. Wa mwisho unasema: "Lakini si maji yalimfikia? Jina lilikuwa lake."

Hilo swali limenikosesha usingizi, kwa sababu sijui. Kama nikituma kikapu cha viazi kwa Cucu, na wewe ukakipeleka ukasema ni chako, Cucu atapika viazi, ndio. Atashiba. Lakini atamshukuru nani? Na mimi nitakuwa nimetuma nini?

Jana kanisani nilikaa kati ya mama na watoto wa Tata, na mama akaniuliza kwa kunong'ona, "Hukuinama, si ndiyo?" Nikamwambia sikuinama. Ni uongo. Niliinama kila asubuhi. Nilikuwa naona raha kuinama.

Nikiwa hapo kwenye benchi ndipo kitu kingine kikanijia, na ndicho kimenileta Mweiga leo.

Ile hadithi ya Shiru aliipata kwangu. Kila kitu alichosema ndivyo nilivyomwambia bwenini, chini ya shuka. Nililala kwa kiti. Nilisikia kama kwa ndoto. Na nilipoisikia kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine, kwa sauti, mbele ya watu, nilijua kwamba ni uongo. Haikuwa uongo wake. Ni wangu.

Sikuwa nimelala.

Sasa naandika. Shiru, hii huna. Hii hata wewe sikukupa.

Nilikuwa kwenye kiti kile cha kitambaa cha maua, ninakiona kutoka hapa. Nilikuwa natazama kipindi cha mfululizo kwenye simu, earphone masikioni. Guka alikuwa ametoka hospitalini wiki hiyo, yuko chumba cha nyuma, mlango wazi. Yeye hakuwa akiniita Nyambura, kwa sababu nimebeba jina la Cucu, na wazee wa kwetu mjukuu aliyebeba jina la mke wao humwita bibi-arusi. Muhiki. Aliniita, "Muhiki!" Nikatoa earphone moja. Nikangoja. Akaita tena, "Muhiki, ũka." Njoo. Nilisikia vizuri kabisa.

Na nikairudisha earphone.

Kwa nini? Kwa sababu ya ile chupa. Hospitalini walimpa chupa ya haja ndogo, na asubuhi hiyo Mama alikuwa amenionyesha jinsi ya kumsaidia, nikakubali kwa kichwa huku nikitaka ardhi inimeze. Nilidhani ananiitia hiyo. Niliona haya. Nikajiambia, atangoja kidogo, kipindi kikiisha nitaenda, labda wengine watakuwa wamerudi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Niliziona pale chini ya kioo.

Nilipoenda, mkono wake ulikuwa umening'inia kando ya kitanda, na chini yake kikombe kimelala kwenye sakafu. Kikavu. Ndipo nikajua ilikuwa maji.

Daktari alisema ni moyo, kwamba hata tungekuwa naye kumi chumbani asingepona. Naamini. Lakini angekunywa maji.

Basi, hiyo ndiyo. Hicho ndicho nilichokuwa nimekipunguza, nikakikata kona zake mpaka kikawa kitu ambacho mtu anaweza kuhurumiwa nacho. Shiru aliiba ile iliyopunguzwa. Hata Jumamosi, kama bakuli lingenifikia kwanza, zile sentensi zangu nne zilikuwa na "nililala" ndani yake. Ningemwaga maji kwa uongo, na watu wangenishika mabega.

Hii haimaanishi kwamba nimemsamehe. Tafadhali mtu asiniandikie chini hapa kwamba kila jambo hutokea kwa sababu. Alinichukulia guka mbele ya macho yangu, na alijua. Labda siku moja. Leo bado.

Lakini Shiru, nina ombi moja. Wasomaji wale wengine wakiuliza, Cucu akikupigia kuuliza kama ni kweli, Mama akikupigia, usiniitikie. Usiseme betri imeisha. Acha wangoje mpaka niseme mwenyewe.

Nilikuja na basi la asubuhi nikidhani nitamwambia Cucu mara nikiingia. Nimekula ugali, nimeosha vyombo, nimepeleka nyasi kwa ng'ombe, nimekaa naye tukazungumza bei ya viazi. Sijamwambia. Kila mara sauti inapanda na kukaa. Nilitoka mara moja nikaenda mpaka kwenye kaburi, pale nyuma ya miti ya mikaratusi, nikasimama na birika la maji kama mwendawazimu, nikarudi nalo limejaa. Niliona siwezi kummwagia kabla ya kumwambia mke wake.

Cucu ataniona vipi? Ataendelea kunipa kipande cha juu cha ugali, kile kikavu ninachopenda? Watu wakiniita kwa jina lake, atageuka bado?

Sijui.

Birika liko hapa mezani, karibu na simu. Ukungu umeshafika mlangoni. Jikoni nasikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, moja moja, halafu yanakoma.

"Nyambura!"

Ni yeye. Ameita mara moja tu.

Nabonyeza kutuma. Simu naiacha hapa.